Suruali ya Jaji

Shemeji yangu anatembeza watalii wa ndege, na safari hiyo mbebaji wake wa darubini aliteguka mguu. Akanipigia simu. "Shemeji, kazi yenyewe ni kubeba darubini na stendi yake tu. Kula na kulala juu yangu." Nikakubali. Mtu aliyemuoa dada yako humwambii hapana mara mbili, na hapana ya kwanza nilishaitumia alipokuja kukopa.

Kwa asiyewajua, watalii wa ndege si wale wa simba. Simba kwao ni kero, anawatimua ndege. Hawa wanaamka saa kumi usiku kwa hiari yao, wanavaa nguo za rangi ya tope, wananong'ona hata wakiomba chumvi mezani. Na kila mmoja ana orodha. Aina za ndege duniani zinafika kama 11,000, na heshima ya mtu hupimwa kwa alizoziona. Jioni wanatajiana mahali walikofika. Mmoja anasema "Manu", ya kule Peru. Mwenzake anajibu "Kinabalu", ya Borneo. Wa tatu anasubiri watulie kisha anatupa "Arfak", ya Papua, na meza nzima inakaa kimya kama waliopigwa karata ya mwisho. Jina linalotajwa kwa adabu kuliko yote ni la Peter Kaestner, mwanadiplomasia mstaafu wa Marekani, ambaye Februari 2024 alifikisha aina 10,000 akiwa Ufilipino. Huyo mwaka 1989 alikutana huko Kolombia na ndege ambaye sayansi ilikuwa bado haijamjua, na ndege yule leo ana jina lake. Mimi hata paka sijapewa.

Safari hii tulikuwa Amani, Usambara Mashariki. Milima ile inakinga unyevu wa Bahari ya Hindi, na misitu yake imejitenga kwa muda mrefu mno hata ikawa na viumbe wake yenyewe. Wageni walikuja hasa kwa ajili ya mmoja: kandege ka kijivu, mdomo mrefu, makazi yake ni vichaka vya mitambazi juu huko mtini. Kalipewa jina la kisayansi mwaka 1931, jina la Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi hapo hapo Amani. Ukikakosa Usambara Mashariki, nenda kakatafute Njesi, kaskazini mwa Msumbiji. Pengine pa kukatafuta hakuna.

Nilipoonyeshwa picha yake kitabuni nilidhani wamenifungulia ukurasa usio wenyewe. Nikamuuliza shemeji, "Huyu ndiye aliyewapandisha watu ndege?" Akaniomba niongee taratibu.

Masharti yake yalikuwa mafupi. Usivae nyeupe, inawatisha ndege. Usinyooshe mkono ghafla. Usikohoe. Chomeka suruali ndani ya soksi. Tulichomeka sote, isipokuwa jaji mstaafu kutoka Uingereza, mzee mrefu mwenye nyusi nzito, ambaye alisema suruali yake ilikwishaiona Amazon na haikuhitaji mafunzo.

Mwongozaji wetu wa msituni alikuwa mzee mmoja mfupi asiyebeba darubini. Kazi yake yote aliifanya kwa masikio. Nilimpa shikamoo, akaniitikia, "Marahaba, mwanangu," akanitazama na lile lidarubini begani, akanionea huruma waziwazi.

Yule wa kijivu tulimsikia mapema. Aliimba juu kabisa ya vichwa vyetu, kwa sauti ya kitu kikubwa zaidi yake, na hakuonekana. Shemeji akampigia rekodi ya sauti yake. Akajibu, akahama mti, hakuonekana tena. Shingo ziliuma. Mama mmoja wa Kiholanzi alilala chali kwenye majani ili atazame vizuri. Wengine walianza kukubali kuandika kwamba wamemsikia, maana zipo kanuni zinazoruhusu. Jaji akakataa. "Nimesikia mashahidi wengi katika maisha yangu," alisema, "na ndiyo maana nataka kuona."

Hapo ndipo mzee aliposimama, akainua kidole. Darubini zote zikaelekea juu. Kumbe yeye alikuwa anatazama chini.

"Wako hapa," akasema.

Walikuwa siafu. Mstari mweusi, mpana kama kiganja, unavuka njia kwa haraka ya watu wenye miadi. Nikarudi nyuma bila kuagizwa. Shemeji akanishika ukosi.

"Msiondoke," mzee akasema. "Siafu akiwinda, ndege yuko nyuma yake."

Na ni kweli tupu, hata mimi niliyeapa kutojifunza kitu nilijifunza hili. Siafu wakifika mahali pa kuwinda, ule mstari unafumuka, wanasambaa chini ya majani, na kila mdudu aliyekuwa amejificha anatoka mbio: mende, panzi, buibui. Wapo ndege wanaoishi kwa kuufuata mkasa huo. Hawali siafu, wanakula wakimbizi. Mmoja wao ni alethe kifua-cheupe, kahawia mgongoni, mweupe mbele, mwoga kupindukia, anayeweza kumpita mtu msituni mwaka mzima asimwone. Kati ya wageni wetu hakuna aliyekuwa naye kwenye orodha. Mzee akatupanga pembeni, akatuonyesha pa kusimama. Shida ni kwamba siafu hawaoni, na hayo mapatano hawakuonyeshwa.

Akaja. Alitua kwenye mzizi, hatua chache tu kutoka tulipo. Sikuhitaji darubini hata kidogo, lakini wao wote walizibana machoni. Nami nikaishika stendi kwa mikono miwili, kwa kuwa ardhi ilikuwa na mteremko na lile lidarubini lilikuwa na thamani kuliko mimi.

Siafu ana tabia ya kupanda kwanza. Anapanda wewe huna habari, wenzake wanapanda, wanajipanga, kisha kana kwamba kuna aliyepuliza filimbi, wanauma kwa pamoja. Soksi haikusaidia kitu, waliipanda kwa nje wakaendelea na safari. Wa kwanza alinishika nyuma ya goti.

"Shemeji," nikanong'ona.

"Usitikisike."

"Wameingia."

"Ukiiachia hiyo stendi," akasema bila kugeuka, "kwa dada yako usije tena."

Nikatazama huku na huku nitafute wa kunitetea. Yule mama wa Kiholanzi machozi yalikuwa yanamtiririka chini ya darubini. Mumewe alimshika mkono kwa upendo, akidhani ni uzuri wa ndege, mpaka naye uso ukabadilika akauachia ule mkono akajishika kiunoni. Hakuna aliyetoa sauti. Watu wazima, wenye wajukuu, wanaliwa wakiwa hai, na kila mmoja anaona bora afe kuliko awe yeye aliyemfukuza alethe.

Aliyeshindwa kwanza ni jaji. Sisi siafu walitupandia kwa nje ya nguo, yeye aliwafungulia mlango. Mkono wa kulia ulibaki na darubini machoni, hakuishusha hata nukta. Wa kushoto ukashuka polepole, ukafungua mkanda, ukafungua kifungo. Suruali iliyoiona Amazon ikateremka hadi kwenye viatu.

Ndani alivaa nyeupe. Nyeupe pe, ndefu, ya pamba, inang'aa katika ule msitu wa giza mpaka shemeji akafumba macho.

Alethe akainua kichwa. Akaitazama ile nyeupe. Akainama, akadaka panzi, akaendelea na chakula chake.

Alipoondoka kwa wakati wake mwenyewe ndipo msitu uliposikia kelele. Watu waliruka, walijipiga, walivuana soksi. Wote wakamwinamia jaji, wakawa wanambandua siafu mmoja mmoja. Ukimvuta, kiwiliwili kinatoka na kichwa kinabaki kimeng'ata. Mimi stendi sikuiachia, dada nampenda. Kwa hiyo sikuweza kuinama, na mmoja alipofika shingoni akanitia meno, kichwa changu kikaenda juu chenyewe.

Kule juu, kwenye ukingo wa mitambazi, kalikaa kandege ka kijivu. Mdomo mrefu, mwembamba. Kalikuwa kanatutazama.

"Na huyu je?" nikauliza, nikimwelekezea kidevu.

Kila mtu aliinua kichwa. Tawi lilikuwa linatikisika, tupu.

Kesi ilisikilizwa garini, jaji akiwa na suruali mapajani, bado anaikung'uta. Alianza na shauri lake mwenyewe, maana mume wa yule mama aliuliza, nusu utani, kama ndege aliyeonwa bila suruali anahesabika. Jaji akajibu kwamba kanuni za chama cha watazamaji ndege cha Marekani ziko wazi: ndege awe hai, awe wa porini, na asiwe amefungwa. Hayo masharti yote ni ya ndege. Mavazi ya mtazamaji hayakutajwa popote. Alethe akaandikwa na kila mtu.

Kisha akanigeukia mimi. Mdomo ulikuwaje? Mrefu. Mkia je? Nao mrefu. Kifuani? Hafifu kuliko mgongoni. Alikaa muda gani? Muda wa kuumwa na siafu mmoja. Shemeji alikuwa ananikanyaga kiatu kuanzia swali la kwanza, nikane, kwa sababu wageni waliosafiri bara zima hawatampenda mbebaji stendi aliyeona walichokosa.

"Shahidi huyu namwamini," jaji akasema mwishoni. "Hajui alichokiona kina thamani gani, hana sababu ya kudanganya." Akachana karatasi kutoka kwenye daftari lake, akaandika jina langu juu, na chini yake namba moja.

Orodha yangu haina hata kunguru.

Alfajiri iliyofuata tulirudi njia ileile. Niliona ajabu kwamba wageni hawakumfuata tena mzee, walijipanga nyuma yangu mimi, na mzee alikuwa anacheka kwa mabega tu. Nikiangalia kushoto, darubini zote kushoto. Tulizunguka mpaka jua likapanda, yule wa kijivu hata sauti hakutoa. Hatimaye jaji akanisogelea, suruali ndani ya soksi, akanyoosha kidole pembeni ya njia ambako mzee alikuwa amesimama akitazama chini, na akaniuliza kwa unyenyekevu wa kweli kama ningekubali kwenda kusimama pale kidogo.