Google na wapinzani wake: maduka mengi, maghala machache

Mtu akikwambia ameachana na Google na siku hizi anatumia DuckDuckGo, Ecosia au Yahoo, muulize kwanza majibu anayopewa yanatoka wapi. Injini za kutafuta ni nyingi kwa majina, lakini zenye faharasa yao wenyewe, yaani zinazotuma programu zao kuzunguka mtandaoni, kusoma kurasa na kuzihifadhi, zinahesabika. Google inayo. Bing ya Microsoft inayo. Yandex ya Urusi na Baidu ya China zinazo, Brave imejijengea yake, na Mojeek ya Uingereza inajitahidi na yake ndogo. Wengi waliobaki ni wenye maduka wanaochukua mzigo kwenye ghala la mwingine na kuupanga upya kwenye rafu zao.

Jambo hili lilijidhihirisha tarehe 23 Mei 2024. Bing ilipata hitilafu, na siku hiyo hiyo watu waliotegemea DuckDuckGo na Ecosia wakajikuta hawapati majibu. Waliodhani wametawanya mayai yao wakagundua yako kwenye tenga moja, la Microsoft.

Hata hivyo, si haki kusema duka lisilo na ghala halina faida. DuckDuckGo, iliyoanzishwa na Gabriel Weinberg mwaka 2008, haishindani kwa wingi wa kurasa. Inashindana kwa namna inavyomtendea anayetafuta: matangazo yake yanafuata neno uliloandika wakati huo, si kumbukumbu ya mambo uliyotafuta mwaka mzima. Kwa wengi wetu hili lina uzito kuliko linavyosikika. Fikiria simu moja inayotumiwa na mama, binti na kaka yake. Usiku mtu anaandika "dalili za kisonono", au "nimekosa kunywa ARV siku mbili nifanyeje". Kama simu imeingia kwenye akaunti ya Google na historia haijazimwa, utafutaji ule unabaki, na kesho mwingine akianza kuandika herufi chache unaweza kumjitokezea kama pendekezo. Hapo faragha inahusu nyumba yako kabla ya kuhusu kampuni kubwa za Marekani.

Lakini na wapinzani hawa wasivikwe kilemba wasichostahili. Mei 2022 mtafiti mmoja alibaini kuwa kivinjari cha DuckDuckGo kilikuwa kikiviachia baadhi ya vifuatiliaji vya Microsoft, yaani programu zinazorekodi nyendo za mtu mtandaoni, vipite, kutokana na mkataba kati ya kampuni hizo mbili. Agosti mwaka huo kampuni ikatangaza kuvizuia. Nayo Ecosia ya Berlin, inayoelekeza faida yake kwenye upandaji miti, inapata fedha mtumiaji anapobonyeza tangazo. Kutafuta peke yake hakupandi mche.

Sasa tumpe Google haki yake, maana hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapoguswa zaidi. Katika kesi ya ukiritimba ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, Jaji Amit Mehta aliandika kwenye hukumu ya Agosti 2024 kwamba Google hupokea maswali mara 9 ya yale ya wapinzani wake wote wakijumlishwa, na kwenye simu ni mara 19. Kila swali na kila kiungo kinachobonyezwa ni somo kwa mtambo. Maswali ya kawaida, kama hali ya hewa New York, kila injini inayajibu vizuri. Pengo linafunguka kwenye maswali adimu, na kwa mitambo hii Kiswahili kiko upande huo wa adimu. Tazama mkulima anayetaka kujua habari za mnyauko. Mmoja ataandika "mgomba unanyauka", mwingine "migomba yangu inanyauka", wa tatu "ugonjwa wa ndizi". Maneno yetu yanabadilika mwanzoni, na mtambo uliozoea Kiingereza, ambacho hubadilisha zaidi mwishoni, lazima ujifunze kwamba hao watatu wanauliza jambo lile lile. Anayefundishwa na watu wengi zaidi ndiye anayewahi kuelewa. Ongeza ramani na maoni ya wateja kuhusu hoteli na zahanati za mjini kwako, na sababu za watu kubaki Google zinakuwa za kweli kabisa.

Kinachonikera ni kwamba wingi huo haukuja kwa ubora peke yake. Mwaka 2021 Google ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe chaguo la awali, yaani injini inayokuja tayari imewekwa, kwenye simu na vivinjari. Jaji alikiri kuwa ina wahandisi mahiri na bidhaa bora, kisha akaamua kuwa imelinda ukiritimba wake kinyume cha sheria. Yote mawili yanasimama pamoja. Anayenunua simu ya Android Kariakoo au barabara ya Luthuli, Nairobi, anaikuta Google kwenye skrini ya kwanza, na ni wachache wanaofungua mipangilio kubadilisha.

Kuhusu majibu ya akili unde yanayowekwa juu ya viungo, nasema kwa ufupi: Mei 2024 Google ilipoyaanzisha Marekani, yalimshauri mtu aongeze gundi kwenye pizza. Kwenye lugha yenye kurasa chache za kutegemewa, ningefungua chanzo chenyewe kabla ya kumpa mtoto dawa.

Kwa hiyo mimi nagawa. Masuala ya afya, fedha na sheria nayapeleka kwa injini isiyoniwekea kumbukumbu, na nikikosa jibu kwa Kiswahili ndipo narudi Google, nikiwa nimezima historia. Brave naijaribu mara kwa mara kwa sababu haikopi ghala. Septemba 2025 Jaji Mehta alikataa kuilazimisha Google iuze kivinjari chake cha Chrome, ila akapiga marufuku mikataba inayowafungia nje washindani na kuiamuru iwagawie washindani wanaostahili sehemu ya data zake. Data hizo zikiwafikia na maswali ya lugha kama yetu yakiwemo, wapinzani watapata kitu zaidi cha kujifunzia Kiswahili.