Gesi Imeisha

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Joto hamnitishi nalo. Nimelala chini ya bati mwezi wa pili, mwezi ambao kwetu hata kuku anatembea kaachama mdomo. Lakini Tanga kuna bahari, na bahari ina adabu zake: ikikuchoma mchana, jioni inakuletea upepo kukuomba radhi. Sasa njooni huku Buliisa, Uganda, pembeni mwa Ziwa Albert, muone joto lisilo na wazazi. Huku ukuta wa miinuko ya Butiaba, kule ziwa, katikati tumo sisi, tumepaliwa juu na chini kama wali wa shughuli. Unaoga saa nne usiku, unajifuta, unagundua unachojifuta si maji ya bombani, ni wewe mwenyewe.

Nyumbani wananicheka. Bomba la mafuta linajengwa kutoka Hoima kwenda Tanga, kilomita 1,443, mpaka Chongoleani, na mimi nimetoka Tanga nikaja huku. Tumepishana njiani kama watu wenye ugomvi. Halafu mafuta yenyewe yana nta, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba lote limewekewa nyaya za kulipasha lisishuke chini ya nyuzi 50. Nilipoambiwa hivyo nilikaa kimya muda mrefu. Watu wameweza kupasha moto kilomita elfu na mia nne, mimi kupoza chumba cha mita tatu kwa nne kimenishinda.

Nina hoteli ndogo njia ya Wanseko. Pilau, chapati, chai ya tangawizi, muziri, vile visamaki vya ziwani, wa kukaanga kwa wanaopenda. Navaa kofia, basi mji mzima unaniita Hajji. Maka sijaikanyaga, hata Mombasa nimefika mara mbili tu, lakini nimechoka kusahihisha watu, na nikiri kwamba Hajji anakopeshwa sukari haraka kuliko mtu mwingine. Ila Kiswahili changu ndicho kinachonitia matatani. Uganda hii Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu 2005 kwa maandishi, lakini ukipaza sauti kwa Kiswahili usiku, nusu ya majirani wanadhani ni mwanajeshi na nusu wanadhani ni mwizi. Mimi nilikuwa namlilia fundi wa kiyoyozi tu.

Kiyoyozi chenyewe nilikinunua mtumba. Kambi moja ya wajenzi ilikuwa inafungwa, wakamwaga vitu: vitanda vya chuma, majiko, viti vyenye miguu mitatu, na viyoyozi vimepangwa chini ya mwembe kama mayatima wanaosubiri ndugu. Nikachagua kidogo, cha BTU 9,000, kwa sababu nilielezwa kwamba kikubwa kupita chumba kinapoza haraka kisha kinajizima kabla hakijakausha hewa, unabaki na ubaridi wa majimaji kama wa pangoni. Nikajiona msomi. Mke wangu, Muganda wa Masaka, alikitazama kinavyoshushwa kwenye bodaboda akasema, "Taata Zubeda," yaani baba Zubeda, "hii pesa si tungenunua mbuzi?"

Nikamwambia mbuzi hapulizi baridi. Akasema mbuzi hahitaji fundi.

Kilipuliza miezi miwili. Siku moja kikaanza kupuliza hewa ya kawaida, ile ile niliyokuwa nayo bure kabla sijakinunua. Nikamwita fundi wa kwanza. Akaja na bisibisi moja na mtungi. Hakufungua kitu. Alisimama mlangoni mwa chumba, akanusa kama daktari wa ng'ombe, akasema, "Hajji, gesi imeisha."

Nikamuuliza amejuaje.

"Haipoi."

Basi, Haipoi ni ushahidi tosha. Akaunga mpira, akajaza, mashine ikapoa, nikatoa shilingi 150,000 na sahani ya pilau. Pilau hakuiweka kwenye hesabu. Wiki ya nne baridi ikahama tena. Namba ya fundi haipatikani. Fundi wa pili alikuja na kijana wa kumshikia tochi ya simu, mchana wa saa saba, jua limewaka mpaka bati linalia. Akashika bomba la shaba kwa vidole viwili, akafumba macho. Nikadhani anasoma dua.

"Mzee, gesi imeisha."

Hapo ndipo nilipoanza kuumwa kichwa. Mimi nakaa Buliisa. Mafuta yaligunduliwa ukanda huu mwaka 2006, visima vinachimbwa huku na huku, magari marefu yanapita mlangoni kwangu usiku na mchana kufuata kilichomo ardhini. Uganda nzima gesi iko chini ya miguu yangu, halafu chumbani kwangu ndiko gesi inakoisha! Nikalipa 130,000, pungufu ya yule wa kwanza, nikajisifu kwamba najua kupatana bei. Safari hii ilidumu siku kumi na moja.

Kisha kikaja kituko kingine. Sanduku la ndani likaanza kutokwa na barafu. Barafu, ndugu zangu, Buliisa! Asubuhi watoto wa jirani wakawa wanakuja kuangalia ukutani kwangu kama wamepelekwa kutembea. Mchana barafu ile ikayeyuka, na maji badala ya kupita kwenye mpira wa kutoka nje yakateremka ukutani taratibu mpaka mtoni mwangu. Mto wa kulalia, sio Nile. Nikaweka beseni. Tone moja kila sekunde, usiku kucha, ti, ti, ti. Mke wangu akageukia ukutani akasema, "Mbuzi angekuwa amezaa."

Aliyeniokoa ni mteja wangu mmoja, mfanyabiashara wa samaki. Akasema ng'ambo ya ziwa, upande wa Mahagi, Kongo, kuna kijana anatengeneza majokofu ya wavuvi, akipata boti siku ya soko anavuka. Akavuka kweli. Kijana mwembamba, viatu vya plastiki, begi la shule mgongoni lenye picha ya katuni iliyofutika. Sisi tunaita kiyoyozi, hapa wanaita eisii, yeye akaniuliza, "Yaya, klima iko wapi?" Yaya, kwao, ni kaka. Nilipomwambia gesi imeisha mara mbili, akaweka begi chini, akanitazama kwa huruma anayotazamwa mfiwa.

"Nani alikwambiaka gazi inaishaka? Gazi haiko makala ya jiko, yaya. Haichomwake. Inazungukaka tu mule ndani, leo, kesho, miaka kumi. Kama imepunguka, iko na mahali inakimbilia."

Maneno hayo ningeyapata mapema ningekuwa na laki mbili na themanini zangu na labda huyo mbuzi.

Akaanza na filta. Aliichomoa, akaipiga kwenye kiganja. Ilikuwa na unga wa vumbi jekundu, mafuta ya vitunguu vyangu vya hoteli, na magamba ya muziri yanang'aa kama shanga. Miezi yote ile nilikuwa napulizwa na supu. Akasema hilo peke yake latosha kuleta barafu: hewa haipiti, sahani za ndani zinapoa kupita kiasi, unyevu unagandia pale pale. Akaenda kwenye mpira wa maji, akauchokonoa kwa waya, likatoka dongo, na ndani ya dongo chumba, na ndani ya chumba mtoto wa nyigu. Wale nyigu wanaofinyanga. Walishajenga, bila kodi. Nje, alipofungua kifuniko cha lile sanduku, tukamkuta mjusi kafiri amekauka, mguu mmoja huku kwenye waya na mmoja kule, amekufa akiwa kazini.

"Huyu hakuharibu," akasema, "huyu aliharibiwa."

Kisha akaomba sabuni ya kuoshea vyombo. Akakoroga povu kwenye kikombe changu cha chai (kile cha wageni, lakini nilinyamaza), akapaka kwa brashi ya rangi kwenye nati za mabomba, moja baada ya moja, nyuma ya ukuta ambako mafundi wawili hawakufika kwa sababu kuna jua. Nati ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ikaanza kutoa mapovu madogo, pole pole, kama mtoto anayelala huku anatoa mate. Tukaikodolea macho wote, mimi, yeye, Zubeda, na mwanamke aliyekuja kununua chapati. Pale ndipo pesa yangu ilipokuwa inatorokea. Nati haikukazwa tangu siku ya kufungwa.

Alikata ncha ya bomba, akaitanua upya, akakaza kwa spana mbili. Nikadhani sasa anajaza. Wapi! Akaunga pampu ya kunyonya hewa, ikanguruma nusu saa. Anasema hewa ya huku ina maji mengi, na maji yakibaki ndani ya mabomba yanakula kompresa, ule moyo unaosukuma gesi. Halafu akauliza kama nina mizani. Mizani ninayo, ya nyama. Akasoma kibandiko cha sanduku la nje kuona gramu ngapi, akaweka mtungi juu ya mizani ile ile iliyopima mbavu asubuhi, akaubinua kichwa chini. Nikamuuliza kwa nini kichwa chini. Akasema gesi hii ni mbili kwenye mtungi mmoja, kama bibi wawili wa mume mmoja: ukifungulia juu, mwepesi wa kutoka anatangulia, unabaki na yule mwingine na malalamiko.

Sikucheka, maana mke wangu alikuwa anasikiliza.

Bei yake, pamoja na nauli ya boti, haikufika nusu ya nilizotupa. Na alilipia chai.

Sasa mashine inapoza, nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe mtu akipata baridi Buliisa, amefungua ofisi. Majirani wakaanza kuja "kuisalimia". Mmoja alileta maziwa yake yasiharibike. Shemeji akaleta mtihani wa kusoma. Umeme nao una desturi zake: jioni watu wakiwasha kila walicho nacho, taa zinakuwa rangi ya chai ya rangi, kompresa inaguna inakataa kuwaka, unangoja. Na mita yetu ya Yaka, kama LUKU ya kwetu! Kila mwezi kuna zile yuniti 15 za mwanzo za bei ya huruma, shilingi 250 moja. Kwa mwenye taa mbili na redio ni neema. Kwangu mimi hazioni usiku wa tatu.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Msiba ni kwamba habari zilifika Masaka. Mama mkwe, jjajja wa watoto, akasema miguu yake imevimba kwa joto, anakuja wiki moja.

Kwetu Tanga mkwe ni mama. Unamsalimia shikamoo, unamshika mkono, unakaa naye mnachambua mchicha. Kwa Waganda kuna kitu kinaitwa obuko. Mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawagusani, hawabanani, hawakai pamoja chumba kimoja. Ukivunja, wazee wanasema mikono itakutetemeka maisha yako yote. Mimi mikono ndiyo inayosukuma chapati. Sikutaka kujaribu. Nyumba yangu ina vyumba viwili, kimoja chenye kiyoyozi, na mgonjwa wa joto hawezi kulazwa kwenye chumba cha joto. Mke wangu akalala na mama yake. Watoto wakahamia huko huko, magodoro chini. Chumba kile kingine kimegusana ukuta na choo, na ukuta una dirisha, na mke wangu akasema si heshima mama atoke usiku kwenda haja anisikie nikikoroma.

Basi nikatandikiwa barazani, na chandarua.

Na nani yuko barazani? Lile sanduku la nje. Kiyoyozi, kama hamjui, hakitengenezi baridi. Kinachukua joto la ndani na kulitupa nje. Nimelielewa jambo hili kwa ngozi. Joto lote la mama mkwe, la mke wangu, la watoto watatu na la shemeji mwenye mtihani linakusanywa humo ndani kwa uangalifu, linapitishwa kwenye nati iliyokazwa vizuri, na kupulizwa usoni kwangu. Wiki moja ile sasa ni ya tano. Miguu imepona. Jana nilimsikia kupitia dirishani anaomba blanketi.

Usiku wa kuamkia leo, kama saa tisa, sanduku likakohoa, likanyamaza. Ilikuwa kimya kitamu. Kaupepo kadogo kakatoka ziwani, nikasema alhamdulillahi, nikageuka ubavu. Mlango ukafunguliwa kidogo, kichwa cha Zubeda kikatokeza.

"Baba, jjajja anauliza, gesi imeisha?"

"Mwambie gesi haiishi, inazunguka."

Akaenda, akarudi.

"Anasema basi kama haijaisha, mbona haipoi?"

Nikaamka. Nikamulika mita, sifuri. Nikanunua Yaka kwa simu, nikasimama na shuka kiunoni nabonyeza tarakimu 20, nikakosea ya kumi na saba, nikaanza upya, mbu wananila. Mita ikalia tii. Zikapita kama dakika tatu hivi, sanduku likatikisika, likavuta pumzi, likanipulizia mgongoni.