Kujithamini si majivuno

Kwa muda mrefu wazazi na walimu waliambiwa kwamba mtu mkorofi ni yule anayejidharau moyoni. Mwaka 1996 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walilipindua dai hilo: hatari zaidi, walisema, ni anayejiona mkubwa kisha ukubwa wake ukaguswa. Miaka miwili baadaye yeye na Brad Bushman waliwarudishia wanafunzi wa chuo insha zao zikiwa na maoni kwamba ni miongoni mwa mbovu kabisa kuwahi kusomwa, wakawapa nafasi ya kumwadhibu mkosoaji kwa kelele za kuumiza masikio. Waliozidisha kelele ni wenye narsisizimu, yaani majivuno yaliyopindukia; kujithamini kwenyewe hakukuonyesha tofauti.

Matokeo hayo ya mwisho ndiyo yanayosahaulika, na wapo watu wazima wanaomnyima mtoto sifa anayoistahili wakihofia atavimba kichwa. Kipimo cha Morris Rosenberg cha mwaka 1965 kinamuuliza mtu kama anajiona ana thamani angalau sawa na wengine. Sawa nao, si kuwazidi. Mwaka 2005 Brent Donnellan na wenzake walionyesha, kwa kutumia pia takwimu za watoto wa Dunedin, New Zealand, kwamba wenye kujithamini kidogo wakiwa na miaka 11 walielekea zaidi kwenye ukorofi miaka miwili baadaye. Tena walipopima kujithamini na majivuno kwa pamoja, kila kimoja kilihusiana na ukorofi kwa njia yake.

Upande wa pili, wa wanaohofia majivuno, una uzito wake, hasa tukikumbuka kwamba majivuno hutajwa pamoja na ulaghai wa Kimakiaveli na usaikopathi, yaani tabia ya kukosa huruma na majuto, ambao haungoji kutukanwa. Mwaka 2021 Sophie Kjærvik na Bushman walikusanya tafiti 437 zenye washiriki zaidi ya 123,000, wakapata uhusiano wa 0.26 kati ya narsisizimu na ukorofi (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili), nao ulikuwepo hata pasipo uchokozi. Namba hiyo si ndogo katika saikolojia, lakini ukiizidisha kwa yenyewe unapata takriban asilimia 7 ya tofauti za ukorofi kati ya mtu na mtu. Zilizobaki, zaidi ya 90, zina vyanzo vingine. Zaidi ya hayo, ni namba ya majivuno. Anayeitumia kumnyima mtoto wa miaka 11 neno zuri juu ya hesabu aliyoipata anamhukumu kwa kosa ambalo tafiti hizo hazikulipima kwake.