Risasi 900 za Richthofen: tuamini ripoti au kitabu?

Tarehe 23 Novemba 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, karibu na Bapaume kaskazini mwa Ufaransa, rubani Mjerumani Manfred von Richthofen alimwangusha rubani Mwingereza Lanoe Hawker. Pigano hilo tunalo kwa maelezo mawili ya mtu yuleyule. Ripoti aliyowapelekea wakubwa wake ni fupi: alishambulia pamoja na ndege nyingine mbili, wakazungukana dakika tatu hadi tano, adui akashushwa kutoka mita 3,000 hadi 500, akakimbilia upande wa kwao, akaanguka baada ya risasi 900. Katika Der rote Kampfflieger, kitabu chake cha 1917, zile ndege mbili zimeyeyuka. Wamebaki mahasimu wawili, na Mwingereza anapunga mkono kwa furaha.

Wanaokishuku kitabu wana hoja nzito. Idara ya habari ya jeshi la anga ndiyo iliyokihimiza na kukichuja, na vita vilikuwa bado vinapiganwa. Toleo la 1933 likaongezewa dibaji ya Göring, kigogo wa Wanazi. Tena si Richthofen peke yake aliyesimulia hivyo. Rubani mwenzake Mjerumani Ernst Udet aliandika mwaka 1935 kwamba rashasha yake ilikwama mbele ya rubani Mfaransa Georges Guynemer, naye Guynemer akampungia mkono na kwenda zake. Huenda ni kweli, lakini Guynemer alikuwa marehemu tangu 1917. (Mikono inapungwa sana katika vitabu hivi.)

Hata hivyo, anayekitupa kitabu hubaki bila kujua kwa nini Hawker alikufa. Kitabu kinasema upepo ulikuwa unawasukuma kuelekea upande wa Wajerumani. Ripoti haigusi jambo hilo. Hapo ndipo penye ufunguo. Ndege ya Hawker, DH.2 yenye injini ya nguvu za farasi 100, ilikata kona kali kuliko Albatros D.II ya Richthofen. Albatros ilikuwa na farasi 160, kwa hiyo ilipanda upesi zaidi, tena ilikuwa na rashasha mbili za mkanda dhidi ya moja ya Hawker, ambayo sahani yake ya risasi hubadilishwa kwa mkono hukohuko angani. Maadamu anazunguka, Hawker hapigiki kwa urahisi. Lakini kila mzunguko unakula mwinuko na petroli, na upepo wa magharibi unamzidishia safari ya kurudi. Mwishowe hana budi kunyoosha njia, na ndege ya polepole inayokwenda moja kwa moja mbele ya rashasha mbili haina pa kujificha. Anayelipamba pigano ili lionekane la haki tupu angeuficha upepo huo kwanza. Hakuuficha.

Nayo ripoti tusiiabudu. Ndani yake ndege ya Hawker imeitwa Vickers, kosa la kawaida kwa Wajerumani walipoona injini iko nyuma ya rubani. Ripoti pia ilikuwa na faida kwa mwandishi wake: ripoti za namna hiyo ndizo zilizotumika kuhesabu ushindi wa rubani, na Richthofen alipata nishani ya Pour le Mérite Januari 1917 baada ya kufikisha 16.

Kwa hiyo nikitaka kujua nani walikuwepo, naamini ripoti. Nikitaka kujua mashine, upepo na mwinuko vilivyoamua pigano, nafungua kitabu. Ule mkono wa Hawker siuamini: ripoti haiutaji, na mwenye mkono hakurudi kuulizwa.