Usizime ukaguzi ili ubadili namba ya mwanachama

Kila anayeuliza jinsi ya kubadili ufunguo mkuu (safu inayotambulisha kila rekodi) unaotajwa na majedwali mengine kwenye hifadhidata ya MySQL hupewa jibu lile lile: andika SET FOREIGN_KEY_CHECKS=0 (inazima ukaguzi wa marejeo kati ya majedwali), badilisha, rudisha 1. Ushauri huu unaniudhi, kwa sababu siku hiyo unaonekana umefaulu.

Chukua sacco iliyofanya namba ya simu kuwa ufunguo wa jedwali la wanachama. Mmoja kabadili laini. Umezima ukaguzi, ukarekebisha wanachama, mikopo na michango, ukasahau wadhamini. Ukirudisha 1, MySQL haipitii tena rekodi zilizokwishamo. Inakagua yanayoandikwa kuanzia hapo tu. Udhamini wa yule mtu unabaki kwenye namba isiyo na mwenyewe, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Laini iliyoachwa nayo huuzwa upya. Mwenye laini mpya akijiunga na sacco hiyo, mfumo unamsoma kuwa mdhamini wa mkopo wa mtu asiyemjua, na mkopo ukikwama, akiba yake ndiyo inayokatwa. Jamani, hizo ni fedha za watu!

Njia ya haki ipo. Kwenye InnoDB (injini ya kuhifadhi data ya MySQL) na PostgreSQL, ondoa ufunguo wa kigeni (kanuni inayofunga safu ya jedwali moja na ufunguo wa jedwali jingine), uuweke tena na ON UPDATE CASCADE (badiliko lisambae lenyewe), halafu badili jedwali la wanachama peke yake. Mengine yanafuata ndani ya muamala huo huo. Ufunguo huo ukikataa kuwekwa, ujue rekodi yatima (zinazotaja mwanachama asiyekuwepo) zimo tayari: zisake kwa hoja ya LEFT JOIN kwanza. PostgreSQL haiundi indeksi (orodha ya kutafutia haraka) kwenye safu inayotaja, hivyo iunde wewe, la sivyo namba moja ikibadilika jedwali zima la michango linasomwa. Kwenye MySQL 8, triga (amri zinazojiendesha rekodi ikibadilika) za majedwali yanayofuata haziamki, kwa hiyo daftari la mabadiliko linalozitegemea halitaandika kitu. SQLite inataka PRAGMA foreign_keys = ON kila unapounganisha, ili ikague funguo za kigeni. Oracle haina ON UPDATE CASCADE. Huko tangaza ufunguo kuwa DEFERRABLE INITIALLY DEFERRED, badili majedwali yote, ukaguzi utafanyika kwenye COMMIT.

Haya, ni kweli: namba ya mfululizo ingekuwa ufunguo, simu ikabaki safu ya UNIQUE (isiyoruhusu kurudiwa), tusingefika hapa. Lakini mfumo unaolipa watu leo haubomolewi kwa usiku mmoja.

Na CASCADE hufika pale tu ufunguo wa kigeni ulipotangazwa. Jedwali la ujumbe wa SMS lililoundwa bila ufunguo huo, na faili ya Excel ya mhasibu, havitaguswa. Virekebishe kwa mkono siku hiyo hiyo, kabla ya makato ya mwisho wa mwezi.