BVM miaka mitano tena au masta ya miaka miwili? Nimeulizwa mimi, nijibu vipi

Binti wa shemeji yangu ana miaka 24, kamaliza SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, digrii ya bayoteknolojia na sayansi za maabara, GPA yake nzuri tu, halafu mwezi uliopita kanipigia saa tatu usiku ananiambia anko, mimi nataka kurudi kusoma BVM, udaktari wa mifugo. Nikacheka kwanza. Nikadhani utani. Kumbe yuko siriasi, na mkononi ana nafasi nyingine ya kuanza masta ya bayolojia ya molekuli, na mama yake ameshasema ya kwake: "Yaani mwanangu arudi fasti yia akakae na watoto waliotoka fomu siksi juzi, miaka mitano, mimi wajukuu nitawaona lini?"

Sasa mimi ni vet, BVM hiyo hiyo nimeisota, na baadaye nikaenda kusoma masta, kwa hiyo pale nyumbani wanadhani jibu ninalo mfukoni. Sina. Ila nina maneno, na nikaona niyaandike kabisa maana hili swali limeshaniletea vijana wengi.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa intaneti. Ukisearchi huko unakuta Marekani mtu anamaliza digrii ya kwanza ndio anaingia chuo cha udaktari wa mifugo miaka minne, kwa hiyo kijana wa kwetu anasoma anaona mbona ni sawasawa na mimi, nina digrii, hatua inayofuata ni vet. Hapana. Kwetu, iwe SUA, iwe Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, BVM ni digrii ya kwanza, unaingia ukitoka sekondari na unakaa miaka mitano. Ukiwa tayari na digrii bado unakaa foleni ileile, biokemia uliyoisoma unaisoma tena, fiziolojia tena, na utakaa kwenye anatomia unakariri mishipa ya mguu wa mbele wa ng'ombe na mtu uliyemzidi miaka mitano ambaye anakuita dada kwa heshima halafu anakuzidi maksi. Kwa hiyo swali lake sio kusonga mbele huku au kule. Upande mmoja ni kusonga mbele, upande wa pili ni kurudi nyuma ili uingie mlango mwingine, na hiyo tofauti ndiyo inayofanya mambo yawe magumu.

Je huo mlango una nini cha maana hivyo? Una leseni. Tanzania tuna Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 na Baraza la Veterinari, na bila kusajiliwa kama daktari hufanyi upasuaji, huandiki dawa, husaini. Nina jamaa yangu ana masta na PhD ya brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba, akikaa kuuelezea mimi nachukua kalamu. Tulikwenda naye kwenye boma moja Mvomero kuchukua sampo za damu, tukakuta ng'ombe amelala chini hawezi kuamka, amezaa jana yake, na yule mzee mwenye mifugo akamwangalia jamaa yangu maana ndiye alikuwa amevaa koti jeupe, akamwambia daktari, nisaidie huyu. Jamaa akanigeukia mimi. Ilikuwa kalsiamu imeshuka, nikaitundika chupa ya kalsiamu kwenye mshipa, taratibu, nasikiliza moyo, na kabla ya saa moja kuisha ng'ombe kasimama, mzee anacheka. Njiani kurudi jamaa hakuongea mpaka Dakawa. Halafu akasema, unajua mimi najua kilichotokea mle ndani mpaka kwenye seli, ila sikuwa na ruhusa ya kumshika.

Hiyo ndio hoja kubwa ya BVM na sitaki kuipunguza. Na ina mkia wake: ukiwa na BVM maabara haikufungii, unaweza kwenda masta ya epidemiolojia, ya mikrobiolojia, ya Afya Moja (afya ya watu, wanyama na mazingira kwa pamoja), hata hiyo ya molekuli anayoitaka binti. Ukiwa na masta ya molekuli, huku kwa wanyama hakuna njia ya mkato hata ya dawa. Mlango mmoja unafunguka pande mbili na mwingine upande mmoja tu.

Mfano mzuri ni sotoka. Ugonjwa ule miaka ya 1890 ulifyeka ng'ombe wa Wamasai, watu wakafa njaa. Chanjo iliyokuja kuumaliza ilitengenezwa Muguga, hapo nje ya Nairobi, na Walter Plowright, Mwingereza, daktari wa mifugo kwa kusomea. Yeye na wenzake walichukua kirusi cha aina ya Kabete O wakakihamisha hamisha kwenye seli za figo ya ndama, mara 90 hivi, mpaka kikapoteza makali na kubaki kinafundisha mwili tu. Hiyo ni kazi ya maabara mtupu, ile ya kukaa na vichupa mwaka baada ya mwaka, lakini aliyeifanya alikuwa anamjua ng'ombe mwenye sotoka kwa harufu. Akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia 1999, akafariki 2010, na 2011 dunia ikatangaza sotoka imeisha. Aliikosa kwa mwaka mmoja tu.

Lakini ngoja, maana hapa ndipo mavet wenzangu huwa tunaringa tunasahau upande wa pili.

Mwaka 1994 Serengeti simba walianza kufa wanatetemeka na kuanguka kifafa, na ilipokuja kuisha karibu theluthi ya simba wote ilikuwa imekwenda, kama 1,000 hivi. Daktari wa mifugo wa hifadhi wakati ule, Melody Roelke-Parker, ndiye aliyepasua mizoga na kuchukua sampo. Safi. Ila waliosema kirusi ni kile cha distempa ya mbwa walikuwa watu wa maabara, na waliojua kwamba ni theluthi na sio robo wala nusu walikuwa wanaikolojia, kina Craig Packer, maana simba wa pale walikuwa wanafuatiliwa tangu miaka ya 1960, na wanatambuliwa mmoja mmoja kwa madoa ya masharubu. Vet peke yake angekuwa na mizoga mingi na huzuni. Na dawa yenyewe haikuwa kumtibu simba, ilikuwa kurudi vijijini kuchanja mbwa, kitu ambacho ili ujue uchanje wangapi na wapi unahitaji mtu wa hesabu za magonjwa, sio mtu wa sindano.

Na mimi mwenyewe nilipoenda masta nilikiona cha moto. Niliingia maabara na BVM yangu naitwa dokta, sijui kushika pipeti vizuri. Nilikuwa napima damu za mbuzi, nikapiga PCR, kipimo cha kutafuta vinasaba vya kijidudu, picha ikatoka, kila sampo ina mstari mzuri unang'aa, nikafurahi nikaita watu, mpaka msichana mmoja wa digrii ya kwanza akaninyooshea kidole kwenye kontroli hasi. Kontroli hasi ni kichupa cha maji matupu, hakitakiwi kuwa na kitu. Kilikuwa kinang'aa kuliko wote. Maana yake uchafu umeingia kila mahali na matokeo yote ni takataka. Wiki tatu nilitafuta tatizo, nikabadilisha hiki nikabadilisha kile, kumbe ni chupa ya maji niliyokuwa naifungua mimi mwenyewe na glavu nilizoshikia sampo. Yule msichana alikuwa na mafunzo kama ya huyu binti wetu. Kwenye maabara alikuwa mbele yangu miaka kadhaa na hiyo miaka sikuwahi kuifidia. Sasa mtu kama huyo ukimwambia arudi akakariri anatomia miaka mitano, ule mkono wa maabara hautamsubiri, mashine zitabadilika, programu za kusoma jenomu zitabadilika, atatoka na miaka 29 au 30 ni vet mpya kabisa na mtaalamu wa maabara aliyechacha.

Hela sasa, maana tukificha tutakuwa tunadanganyana. Bodi ya mikopo asiihesabie kwa digrii ya kwanza mara ya pili, na lile deni la kwanza akipata ajira wanakata asilimia 15 ya mshahara. Kwa hiyo BVM hiyo ni ya mzazi, na mzazi mwenyewe anawaza wajukuu. Masta mara nyingi unaipata kupitia mradi au skolashipu, na vyuo kama Nelson Mandela pale Arusha vilianzishwa kwa ajili ya masta na PhD, yaani ukiingia unaingia kwenye utafiti moja kwa moja. Uzuri. Ubaya wake ni kwamba mradi una mwisho. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje nilishuhudia vijana wenye masta zao wanarudisha laptopu ofisini ndani ya wiki, mkataba umeisha, kwaheri. Vet wa mtaani hiyo wiki alikuwa anachanja kuku kama kawaida.

Ila vet wa mtaani nae asijipambe sana. Ajira za serikali watu wanazisubiri kwenye Ajira Portal mpaka wanazeeka, ndio unakuta mtu na BVM yake anauza dawa za minyoo kwenye duka la mtu, au anazunguka na begi la kampuni ya dawa kutafuta oda. Kliniki za mbwa na paka zinalipa Masaki na Oysterbay kwa matajiri wa Dar, sio Gairo kwa wafugaji. Gairo unaitwa saa nane usiku, mtamba uzao wa kwanza, miguu miwili ya ndama iko nje kwato zimeshakauka, kichwa kimegeukia nyuma. Unavua shati, sabuni mpaka begani, mtu anakumulikia na simu, unaingiza mkono na ng'ombe akisukuma nyonga inakubana mpaka vidole vinakufa ganzi, unaipapasa taya, inateleza, unaipata tena, unapitisha kamba nyuma ya masikio, unavuta. Ndama alikuwa ameshakufa. Mama akapona. Nililipwa elfu thelathini, nusu siku hiyo na nusu "mnada wa Jumamosi", Jumamosi ambayo haijafika hadi leo. Na mimi naipenda hii kazi! Ndio maana sijui kama ushauri wangu una akili.

Nikilazimishwa kusema, nasema hivi. Kijana wa fomu siksi anayesita kati ya BVM na sayansi nyingine, namwambia chukua BVM bila kupepesa macho, kwa sababu ya ule mlango wa pande mbili. Mwenye digrii ya maabara tayari, mizani inageuka, aende masta, labda awe mtu ambaye bila kumshika mnyama mwenyewe hatalala. Na hilo mtu hulijui ukiwa hosteli. Wengi wanaosema wanapenda wanyama wanapenda mbwa aliyeoga. Kwa hiyo kabla ya kulipa hata senti nilimwambia binti njoo ukae na mimi, tuzunguke, uone.

Alikuja. Siku tatu, buti kubwa za kuazima. Hakuogopa chochote, nikiri, alishika mkia, alipigwa teke dogo akanyamaza, kinyesi kikamrukia usoni akafuta na bega akaendelea. Nikaanza kuwaza nitamwambia nini mama yake. Siku ya tatu tukaenda kwenye josho, wafugaji wanalalamika wameogesha wiki iliyopita na kupe bado wamejaa masikioni, dawa haifanyi kazi siku hizi. Mimi nikaenda kuangalia ndama mmoja mwenye tezi zimevimba, nilihisi ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Nikamtibu, nageuka binti hayupo.

Nimemkuta kwenye gari ana vichupa sita vya spiriti alivyoviomba kwenye begi langu, kupe ndani, kila kichupa na kikaratasi: tarehe, jina la josho, dawa waliyotumia, ng'ombe wa nani. Ameandika kwa penseli. Nikamuuliza mbona penseli, kalamu si hiyo hapo.

"Wino unafutika kwenye spiriti, anko," akasema, wala hakuinua kichwa.