Kanuni za ligi ya pool zifuate meza tuliyonayo

Kila msimu wa ligi ya pool unapokaribia katika mitaa yetu ya Dar es Salaam, nguvu zote huelekezwa kwenye kutafuta mdhamini, kushona fulana na kupanga ratiba ya timu ipi icheze na ipi na katika baa gani. Kanuni huachwa hadi siku ya mechi ya kwanza, kwa kuwa kila mtu anaamini kwamba anazijua. Ni kweli anazijua, ila anazijua za kijiweni kwake. Ndiyo maana mechi husimama mara tu mpira mweusi unapotumbukia wakati wa kuvunja, yaani katika pigo la kwanza linalotawanya mipira: wenyeji wanadai kwamba huo ni ushindi, wageni wanataka mchezo uanze upya, na mwenye meza anawakumbusha wote kwamba yeyote atakayeanza upya aweke sarafu nyingine.

Katika mabishano hayo ya pande tatu, mimi humsikiliza zaidi mwenye meza. Meza nyingi tunazochezea ni za sarafu au tokeni. Ukishalipa mipira 15 hushuka kwenye sanduku lililo mwisho wa meza, na kuanzia hapo kila mpira unaoingia shimoni hufungiwa ndani hadi malipo mengine yafanyike. Ni mweupe peke yake unaorudi, kwa sababu umetengenezwa tofauti na mingine, ama kwa ukubwa wake ama kwa kuwekewa kitu kinachovutwa na sumaku, hivyo njia ya ndani ya meza huutenga na kuurudisha kwa mchezaji. Kanuni nyingi za kijiweni ambazo wataalamu wetu huzibeza kama ujinga zilizaliwa humo ndani ya meza. Kanuni za kimataifa za pool ya mipira yenye namba 1 hadi 15, zinazosimamiwa na chama cha dunia cha mchezo huu, World Pool-Billiard Association, zinasema kwamba mweusi ukiingia katika uvunjaji halali, aliyevunja achague kati ya kuurudisha mezani na kuendelea, au kupanga mipira yote na kuvunja tena. Katika meza ya sarafu uchaguzi wa kwanza haupo kabisa, na wa pili una gharama. Kijiwe hakikuwa na namna nyingine zaidi ya kuamua kwamba mweusi kwenye kuvunja ni kushinda au kushindwa, mchezo uishe na mwingine aweke hela yake.

Kwa watu wawili wanaopoteza muda jioni, uamuzi huo hauna ubaya. Kwa ligi ni balaa, kwa sababu mechi ya timu huamuliwa kwa michezo michache, na mchezo mmoja uliopatikana kwa bahati ya pigo la kwanza unaweza kuipandisha timu au kuishusha. Ninapendekeza ligi iandike kwamba mweusi ukiingia kwenye kuvunja, mipira ipangwe upya na mchezaji yuleyule avunje, na kwamba timu mwenyeji imkabidhi mwamuzi akiba ya sarafu kabla ya mechi kuanza, au ikubaliane na mwenye meza aifungue kwa muda wote wa mechi kwa bei maalumu. Kanuni ambayo haijaeleza nani atalipa sarafu ya marudio haitatekelezwa, hata ikiandikwa kwa wino wa dhahabu.

Baada ya hapo ligi iseme inacheza mchezo upi, kwa maana chini ya jina moja la pool tunachanganya michezo miwili. Upo ule wa mipira ya namba, ambamo mmoja huchukua ndogo, yaani namba 1 hadi 7, na mwenzake kubwa, 9 hadi 15, na namba 8 ndiyo mweusi. Huo asili yake ni Marekani, na viwango vyake vimejengwa juu ya meza kubwa, ya futi 9 katika mashindano makubwa, na mipira yenye kipenyo cha milimita 57 hivi. Upo pia wa mipira saba nyekundu, saba ya njano na mweusi, uliokulia katika baa za Uingereza kwenye meza ya futi 7 au ndogo zaidi, yenye mipira midogo na mashimo yaliyobanwa, na ambao leo kanuni zake za kimataifa huitwa blackball. Mitaani utakuta mipira ya namba ikichezwa juu ya meza ndogo, kwa adhabu zilizookotwa huku na huko. Mimi sina ugomvi na mseto huo. Ninacholalamikia ni kwamba haukuwahi kuandikwa, kwa hiyo kila timu inachota kutoka upande unaoifaa siku hiyo.

Pa kutumia akili zaidi ni kwenye adhabu ya faulo, yaani kosa kama la mweupe kuanza kugusa mpira usio wako, kwa sababu hapo ndipo tabia ya mchezo mzima inapotengenezwa. Desturi zipo tatu. Ya Kimarekani inampa mpinzani mpira mweupe mkononi, auweke popote mezani. Ya zamani ya baa za Kiingereza inampa zamu mbili, yaani anapiga hadi akose, kisha ana zamu nyingine ya kupiga hadi akose tena. Ya blackball inampa shuti moja la bure, na baada ya shuti hilo anaendelea na zamu yake ya kawaida. Anaweza kuupiga mweupe palepale uliposimama au kuurudisha nyuma ya mstari wa kuvunjia, na katika shuti hilo la bure anaruhusiwa kuanza na mpira wowote, hata wa mpinzani. Kijiweni mara nyingi huongezwa desturi ya nne, kwamba faulo haina adhabu ila zamu kuhama, na mweupe ukitumbukia basi mpinzani aanzie nyuma ya mstari.

Desturi hiyo ya nne ndiyo inayoharibu mchezo. Tazama mchezaji aliyebanwa: mpira wake wa mwisho umejificha nyuma ya miwili ya mpinzani, naye hana njia. Badala ya kujaribu kuufikia kwa kugonga ukingo, anauburuza mweupe taratibu hadi ukalalie ubavuni mwa mweusi, bila kugusa mpira wake hata kidogo, kisha anaegemea fimbo na kutabasamu. Amefanya faulo kwa makusudi, na faulo hiyo imemfaidisha, kwa sababu sasa aliyebanwa ni mwenzake. Watazamaji watamwita mjanja, nami simlaumu, kwa kuwa kanuni imemruhusu. Wa kulaumiwa ni waandaaji waliokubali kanuni ambayo kuivunja kuna faida kuliko kuifuata.

Je, basi tuchukue adhabu ya Kimarekani? Kwenye meza yenye urefu wa futi 9, mweupe mkononi ni adhabu kali lakini bado mchezaji ana safari ndefu ya kumaliza mipira yake. Kwenye meza zetu fupi, mchezaji mzuri akipewa mweupe auweke anapotaka amekabidhiwa mchezo, na hapo kosa dogo kama ncha ya nguo kugusa mpira linakuwa na uzito sawa na kupoteza mchezo wote. Zamu mbili kamili nazo zina kasoro yake, maana humfanya mchezaji acheze ya kwanza kivivu akijua ana nyingine kibindoni, na huzaa lile swali lisiloisha la kama zamu ya pili bado ipo baada ya kuingiza kwa ile ya kwanza. Shuti moja la bure, kisha zamu ya kawaida, linatosha. Linamfungulia njia aliyetendewa faulo, halimpi mchezo kwenye sahani, na mwamuzi hahitaji kuhesabu zaidi ya moja. Hata ligi inayotumia mipira ya namba inaweza kulichukua bila shida yoyote, mradi iandike kwamba katika shuti hilo mweusi hauingizwi isipokuwa na mchezaji aliyekwisha maliza mipira yake.

Suala la kutaja shimo halistahili kelele linazopigiwa. Kanuni za kimataifa za mipira ya namba zinataka mchezaji ataje mpira na shimo, isipokuwa pale ambapo kila mtu anaona anachokusudia. Katika ligi ya mtaa, kutaja kila mpira kunapoteza muda na kuleta ubishi kuhusu kilichosemwa katikati ya muziki wa baa. Mweusi peke yake utajwe, na utajwe kwa kitendo: mchezaji aguse ukingo wa shimo kwa fimbo kabla ya kupiga, mwamuzi aone na aitikie kwa kichwa. Ukiingia kwingine, ameshindwa.

Mwamuzi huyo ni nani? Katika ligi nyingi ni mchezaji wa timu mwenyeji aliyemaliza kucheza, jambo ambalo ni sawa na kumkabidhi fisi bucha. Ratiba ipangwe ili timu isiyocheza jioni hiyo itoe mtu mmoja, alipiwe nauli na soda kutoka kwenye ada za ligi, na asimame upande wa meza ambako anaona mpira wa kwanza kuguswa. Kazi yake ngumu ni hiyo hasa. Mweupe unapopita kati ya mpira wako na wa mpinzani iliyokaribiana, tofauti kati ya miguso miwili ni ndogo mno kuonwa na aliyekaa pembeni na chupa yake. Ndiyo maana mpinzani mwenye shaka amwite mwamuzi asogee kabla shuti halijapigwa, na asipomwita, neno la mpigaji lisimame.

Watazamaji nao wana ndimi. Baa zetu hujaa watu wanaojua shuti sahihi kuliko anayelipiga, na hulitangaza kwa sauti. Ligi ya American Poolplayers Association ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1979 na ambayo ni kubwa katika pool ya timu, inaruhusu mapumziko mafupi ambapo mwenzako anakushauri, na wachezaji wa ngazi za chini hupewa mawili katika mchezo mmoja ilhali wa ngazi za juu hupewa moja. Ni utaratibu mzuri kwa watu wanaojifunza. Hapa kwetu ningeuzuia kabisa kwa misimu ya mwanzo, kwa sababu ukishafungua mlango wa ushauri halali, hutajua tena ni nani aliyepaza sauti kutoka kaunta. Nahodha peke yake ndiye azungumze, na azungumze na mwamuzi.

Jambo jingine la kujifunza kwa chama hicho cha Marekani ni jinsi kinavyozuia timu kukusanya vigogo watupu. Kila mchezaji wa 8-ball, ule mchezo wa mipira ya namba, hupewa ngazi kuanzia 2 hadi 7, na ngazi za wachezaji watano wanaoshuka mezani usiku huo hazitakiwi kuzidi 23 zikijumlishwa. Hatuna takwimu za kupangia ngazi za namna hiyo, lakini tunalo tatizo lilelile kwa jina la mamluki: timu inayocheza msimu mzima na vijana wa mtaa, kisha siku ya nusu fainali inaleta mabingwa wawili kutoka wilaya nyingine. Dawa yake haihitaji hesabu. Usajili ufungwe kabla ya mzunguko wa kwanza kuisha, mchezaji asajiliwe na timu moja tu, na asiyecheza idadi fulani ya mechi za ligi asiguse meza katika mtoano. Majina ya wachezaji na mpangilio wao yaandikwe na kila nahodha kwenye karatasi iliyokunjwa, na karatasi zote mbili zifunguliwe kwa pamoja mbele ya mwamuzi, ili mtu asisubiri kuona nani anatangulia upande wa pili ndipo ampange wake. Na kuvunja kupokezane mchezo hadi mchezo, mgeni akianza.

Haya yote si mageni nchini. Mashindano ya Safari Pool, yaliyokuwa yakidhaminiwa na Kampuni ya Bia Tanzania, yalianzia mikoani na kumalizikia kwenye fainali za taifa, yakiwa na timu na pia mchezaji mmoja mmoja, wanaume na wanawake. Waliopita huko wanajua kucheza chini ya mwamuzi, na wengi bado wamo katika mitaa yetu, kwa hiyo wao ndio wangeitwa kuandika kanuni badala ya kuachiwa waje kubishana nazo. (Ligi za mtaa zisizo na hata mchezaji mmoja mwanamke zinashangaza kwa kuzingatia historia hiyo, lakini hilo lina makala yake.)

Kuhusu kamari na saa za kucheza sina mengi. Viongozi wa serikali kwa nyakati tofauti wamekemea pool inayochezwa asubuhi wakati wa kazi, na ligi inayotaka kuheshimiwa ipange mechi zake jioni na mwisho wa juma. Fedha isiwekwe juu ya meza ya mechi ya ligi na mtu yeyote, awe mchezaji au mtazamaji.

Imebaki namna ya kulalamika, ambayo waandaaji huisahau hadi malalamiko yafike. Dai lolote kuhusu shuti litolewe na nahodha kabla ya shuti linalofuata, mwamuzi aamue papo hapo, na uamuzi wake kuhusu alichokiona kwa macho usikatiwe rufaa. Rufaa iwe kwa kanuni iliyotafsiriwa vibaya au mchezaji asiye halali, iandikwe nyuma ya karatasi ya matokeo kabla manahodha hawajaisaini. Mpira unaofuata ukishapigwa, dai la shuti lililotangulia limekufa, na katibu wa ligi asilipokee hata likiletwa kwa barua yenye muhuri.